MAELEZO KWA WANANCHI: MAYAI YA SAMAKI, MAADUI WAKE, NA KITOWEO CHA NJOMBE NA MAKAMBAKO

Miji ya Njombe na Makambako ipo katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania, mbali na mwambao. Makambako ndipo reli ya TAZARA inapokutana na barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma, na ndipo inapoanzia barabara ya kwenda Njombe hadi Songea. Njombe ni mji wa baridi, wenye mashamba ya viazi, mahindi na chai, na misitu ya kupandwa. Wapo wakaazi wengi wa huko wasiopata kuiona bahari. Hata hivyo, mlo wao haukosi samaki, khasa dagaa mkavu, kwa kuwa dagaa huhimili safari ndefu, hahitaji barafu, na huuzwa kwa fungu kwa kadiri ya uwezo wa mnunuzi.

Mnunuzi wa sokoni huona kuwa msimu mmoja dagaa ni tele na bei yake ni nafuu, na msimu mwengine gunia hupanda bei hata mwenye duka akaona haya kuitaja. Sababu za karibu zinajulikana, nazo ni nauli, bei ya mafuta, na mvua zinazozuia kuanika. Lakini ipo sababu nyengine iliyo mbali zaidi, ambayo haionekani sokoni wala dikoni. Nayo ni kiasi cha mayai ya samaki kilichosalimika na kuliwa miezi kadhaa kabla ya mvuvi kutia wavu wake majini. Madhumuni ya maelezo haya ni kubainisha jinsi mayai na viluwiluwi vya samaki vinavyoliwa baharini, ni nani wanaovila, na kwa nini jambo hilo linamhusu mla dagaa wa Makambako kama linavyomhusu mvuvi wa Mkokotoni.

Yai la samaki wa baharini

Kuku hutaga mayai machache na kuyaatamia. Samaki wengi wa baharini hawafanyi hivyo. Jike huyamwaga mayai majini, dume humwaga mbegu zake hapo hapo, mayai yakarutubika, na wazazi wakaenda zao. Yai lenyewe huwa na upana wa takriban milimita moja. Rangi yake ni kama ya maji, na aghalabu huwa na tone la mafuta ndani linalolisaidia kuelea. Dagaa mmoja mdogo hutaga mayai kwa maelfu kwa mkupuo mmoja, na hurejea kutaga mara nyingi katika msimu. Chewa mkubwa hutaga kwa malaki na hata kwa mamilioni.

Katika bahari yenye joto kama yetu, mayai ya samaki wengi wa aina hii huanguliwa baada ya siku moja au mbili hivi. Kitokacho ndani ya yai hakifanani bado na samaki tumjuaye. Ni kiluwiluwi cha milimita mbili au tatu, ambacho macho yake hayajaanza kuona na kinywa chake hakijafunguka, nacho hubeba tumboni kifuko cha kiini cha yai kuwa ndiyo akiba yake. Akiba hiyo huisha kwa siku chache, na baada ya hapo ni lazima kijitafutie. Muda wote huo hakina nguvu ya kuchagua njia, bali huchukuliwa na mkondo kama jani kavu. Samaki wengi hupitisha wiki kadhaa katika hali hiyo kabla ya kuwa na mapezi na magamba ya kuwasaidia.

Wanaoyala mayai na viluwiluwi

Wa kwanza ni konyeza, mnyama wa baharini mwenye mwili wa ute na minyiri inayowasha. Minyiri hiyo hutandaa majini kama jarife, na kila kinachogusana nayo hunaswa. Pamoja naye wapo jamaa zake wasiowasha, wenye miili myororo inayomeremeta, ambao nao humeza mayai usiku na mchana. Wa pili ni vijidudu vyembamba kama sindano, ambavyo wataalamu huviita minyoo-mshale. Hivi hukaa kimya majini, na vinapohisi mtikisiko wa kiluwiluwi hukirukia. Wa tatu ni vijikamba vidogo vya kila namna. Baadhi ya vijikamba hivyo hula viluwiluwi vya leo, na kesho watoto wa vijikamba hivyo hivyo huliwa na viluwiluwi vilivyopona.

Wa nne, na pengine wa kustaajabisha zaidi, ni samaki wenyewe. Dagaa na vibua huogelea na vinywa vyao wazi, na maji yanapopita katika matamvua, kila kilichomo huchujwa na kumezwa. Katika chakula hicho humo mayai ya samaki wengine, na humo pia mayai yao wenyewe. Utafiti uliofanywa katika pwani ya California, Peru na Afrika Kusini umethibitisha kwamba samaki wa jamii ya dagaa hula mayai ya jamii yao, na kwamba kundi likiwa kubwa sana sehemu ya hasara ya mayai hutokana na kundi lenyewe.

Wa tano ni wakaazi wa miamba. Matumbawe yana vinywa vidogo visivyohesabika, na juu yake wapo samaki wadogo wanaongojea chochote kiletwacho na maji. Ndiyo maana samaki wengi wa miambani hutaga magharibi, jua linapokuchwa, na wengi wao huchagua maji yanayotoka, ili mayai yachukuliwe haraka kwenda bahari kuu, mbali na vinywa hivyo. Kiluwiluwi kikishakua hurejea mwambani, na aghalabu huingia usiku. Hata hivyo, imeonekana katika tafiti nyingi za miamba ya matumbawe kwamba takriban nusu ya wageni hao huliwa katika siku moja au mbili za mwanzo.

Samaki wachache wamejaaliwa njia nyengine. Wapo ambao dume hulinda mayai yaliyobandikwa juu ya jiwe na kuyapepea kwa mapezi yake, na wapo wanaoyahifadhi kinywani hata yaanguliwe. Hawa hutaga mayai machache kwa sababu wanayachunga. Asiyechunga hana budi kutaga mengi.

Hesabu ya mayai

Inafaa ieleweke kwamba kuliwa kwa mayai si balaa lililozuka juzi. Ndivyo bahari ilivyoumbwa, na wingi wa samaki wakubwa umejengwa juu ya wingi wa mayai yaliyoliwa. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Jike mmoja akitaga mayai milioni moja katika uhai wake, na idadi ya samaki wa aina yake isipungue wala isizidi, basi wanaofikia utu uzima katika milioni hiyo ni wawili tu, mmoja badala ya mama na mmoja badala ya baba. Wengine 999,998 hufa njiani. Wakipona wanne badala ya wawili, samaki wa aina ile huwa mara mbili katika kizazi kimoja. Akipona mmoja tu, hupungua nusu. Baina ya neema na dhiki ipo tofauti ya samaki wachache katika milioni.

Tuchukue mfano wa pili. Ikiwa kila siku wanapotea 20 katika kila 100, baada ya siku 30 wale milioni moja watakuwa wamebaki takriban 1,200. Ikiwa wanapotea 10 katika kila 100, watabaki zaidi ya 42,000. Yaani hasara ya kila siku ikipungua nusu, waliosalimika mwisho wa mwezi huzidi mara 30 na zaidi. Kwa hivyo si lazima litokee jambo kubwa baharini ndipo dagaa waadimike. Konyeza wakizidi kidogo, au chakula cha viluwiluwi kikipungua wakakawia kukua, matokeo huja kuonekana katika bei ya sokoni.

Njaa na maadui hufanya kazi pamoja. Kiluwiluwi kilichoshiba hukua upesi na kuvizidi vinywa vingi kwa ukubwa. Chenye njaa hubaki kidogo kwa siku nyingi zaidi, na kila siku moja ya kubaki kidogo ni siku moja zaidi mbele ya maadui.

Mafunzo kutoka bahari nyengine

Mtaalamu wa Norwei, Johan Hjort, alichapisha mwaka 1914 uchunguzi wake juu ya kupanda na kushuka kwa uvuvi wa Ulaya ya kaskazini. Alionyesha kwamba samaki waliozaliwa mwaka mmoja tu, 1904, ndio waliotawala nyavu za wavuvi wa Norwei kwa miaka mingi iliyofuata, ilhali waliozaliwa miaka mengine walikuwa haba. Hjort alihisi kwamba hatima ya samaki huamuliwa katika siku zao za mwanzo, na akaitaja njaa kuwa sababu kubwa. Wataalamu waliomfuata walikubali kuwa siku za mwanzo ndizo zenye uzito, ila waliongeza kwamba kuliwa ni sababu isiyo ndogo kuliko njaa.

Katika Bahari Nyeusi lilitokea funzo kali zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliingia humo mnyama wa ute kutoka pwani za Amerika, aliyeletwa na meli ndani ya maji ya farumi. Alikuta bahari iliyokwisha kuchafuliwa na kuvuliwa kupita kiasi, akastawi bila mpinzani. Alikula chakula cha dagaa wa huko, akala na mayai na viluwiluwi vyao. Ilipofika mwaka 1989 alikuwa amejaa bahari nzima, na uvuvi wa dagaa ukaporomoka. Nafuu ilianza kudhihiri pale alipoingia mnyama mwengine wa jamii hiyo, mwaka 1997, ambaye chakula chake ni yule wa kwanza.

Katika Bahari ya Baltiki, samaki mkubwa ambaye ini lake hutoa yale mafuta ya dawa yanayojulikana sana alikuwa akila samaki wadogo wa jamii ya dagaa. Wavuvi walipomvua yule mkubwa kupita kiasi, wale wadogo waliongezeka, nao wakawa wanayala mayai yake. Aliyekuwa mla akawa mliwa, na kurudi kwake kukawa kugumu zaidi. Funzo lake ni kwamba samaki wakubwa wakimalizwa, mayai yao machache hubaki mikononi mwa wale waliokuwa wakiwala.

Ziwa Nyasa, jirani ya Njombe

Wananchi wa Njombe hawana haja ya kwenda mbali kulishuhudia jambo hili. Mkoa wao, ulioanzishwa mwaka 2012, una mwambao wake wenyewe katika Wilaya ya Ludewa, ambako vijiji kama Lupingu na Manda vipo kando ya Ziwa Nyasa. Maji ya ziwa hilo ni matamu, wala si ya bahari, lakini usipa wa humo huishi takriban kama dagaa wa baharini. Viluwiluwi vyake huelea katika maji makuu, mbali na ufukwe, na huliwa na samaki wengine wa maji hayo. Usipa huishi takriban mwaka mmoja tu. Kwa hivyo mwaka ambao watoto wake hawakupona, mwaka unaofuata huwa hauna akiba ya wazee wa kuvuliwa.

Katika ziwa hilo hilo wapo samaki wengi ambao jike huyaficha mayai yake kinywani. Hata hapo maadui wamepata hila. Wapo samaki ambao humwendea mama aliyejaza kinywa, wakampiga kwa kichwa mpaka ateme mayai au watoto, kisha wakawala. Jambo hilo lilielezwa na wataalamu mwaka 1983.

Hoja ya chandarua

Kwa kuwa hasara ni kubwa namna hii, baadhi ya watu wa mwambao hutoa hoja ambayo haifai kupuuzwa. Husema kwamba ikiwa katika milioni moja hufa 999,998, basi chandarua cha mama anayetanda katika maji ya magoti kina kosa gani? Si afadhali wale vifaranga waingie chunguni kuliko kuliwa na konyeza?

Jawabu lipo katika hesabu ile ile. Konyeza hula yai la siku moja, na mayai ya siku moja ni mengi. Chandarua hakinasi mayai. Hunasa vifaranga vya urefu wa pingili ya kidole, navyo ni vile vilivyokwisha kuvuka vinywa vyote vilivyotajwa hapo juu. Kwa mfano wetu wa pili, kila kifaranga cha siku 30 kimesimama badala ya mayai zaidi ya 800. Anayejaza ndoo moja ya vifaranga hajachukua sehemu ya waliokwisha kuandikiwa kufa, bali amechukua wale waliopona. Faida yake ni mboga ya siku moja, na hasara yake itaonekana na mvuvi wa kijiji kizima msimu ujao. Wahenga walisema, mchuma janga hula na wa kwao.

Vifaranga hivyo hukusanyika katika mwahala maalumu, nako ni kwenye mikoko, katika majani ya bahari na katika maji madogo ya ghuba. Ghuba ya Chwaka, upande wa mashariki wa Unguja, ni mfano mzuri. Mizizi ya mikoko na majani ya bahari huwapa vifaranga maficho na chakula kwa pamoja. Mkoko ukikatwa, au juya likiburuzwa juu ya majani hayo, maadui huwa wameondolewa pazia.

Jambo la pili ni mama mkubwa. Jike mkubwa wa samaki hutaga mayai mengi kuliko majike wadogo kadhaa wenye uzito ulio sawa na wake wakiwekwa pamoja. Hakuna serikali iwezayo kumkataza konyeza asile. Ambalo mwanadamu anaweza kulifanya ni kuacha mama wa kutosha baharini, na kuwaachia watoto malezi yao.

Wajibu wa kila mmoja

Kwa upande wa sheria, hatua zimechukuliwa. Upande wa Bara ipo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003, na Zanzibar ipo Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2010. Uvuvi wa baruti na wa sumu umepigwa marufuku. Hifadhi ya Chumbe ilitangazwa mwaka 1994, Hifadhi ya Bahari ya Mafia mwaka 1995, na eneo la Ghuba ya Menai mwaka 1997. Mwaka 2024 nchi zinazopakana na Ziwa Tanganyika zilisimamisha uvuvi ziwani kwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, ili samaki wapate nafasi ya kuzaa na kukua. Wafanyabiashara wengi waliona tabu katika muda huo, nao wana haki ya kujua sababu yake. Muda unaofungwa ni muda wa vifaranga kupevuka.

Sheria za pwani haziwezi kufanya kazi pekee ikiwa soko la bara linanunua kila kitu. Dagaa wa Unguja na Pemba huchemshwa kwa maji ya chumvi, huanikwa juani, na hununuliwa na wafanyabiashara wa ndani na wa nje, wakiwemo wa kutoka Kongo. Njia ya Makambako na Tunduma ni mojawapo ya njia kuu za mizigo iendayo huko. Kwa hivyo mnunuzi wa Makambako anayo sauti. Udogo pekee si dalili ya ubaya, kwa kuwa dagaa mchele hata akipevuka hazidi sana urefu wa kidole. Mnunuzi aangalie mchanganyiko. Fungu la dagaa wazima huwa na samaki wa umbo moja, wembamba. Fungu lenye samaki wapana, wenye miiba na maumbo mbalimbali, aghalabu huwa limebeba watoto wa changu, tasi, vibua na kolekole. Mfanyabiashara akilikataa fungu hilo, mwenye chandarua atakosa mteja.

Lipo na jambo jengine linaloiunganisha Njombe na bahari. Mto Ruhuji, unaopita Njombe na maporomoko yake, huteremka hadi Kilombero, na Kilombero huingia Rufiji. Rufiji humwaga maji yake baharini mkabala wa Mafia, mahali penye msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko katika Tanzania, ambao ni malezi ya kamba na samaki wa aina nyingi. Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kujazwa maji Disemba 2022, limebadilisha namna maji hayo yanavyofika deltani. Lakini chemchemi zimebaki kule kule juu. Mkulima wa Njombe anayeacha ukingo wa mto bila ya kuulima, na asiyekata miti ya chanzo cha maji, anausaidia mkoko ulio mbali naye mamia ya kilomita, na vifaranga wanaojificha chini yake.

Wananchi wanaombwa basi kuyafikisha maelezo haya kwa wenzao, khasa wavuvi, akinamama wanaotanda, wachuuzi wa dagaa na walimu wa skuli. Bahari hutoa mayai mengi kwa sababu vinywa vinavyoyangojea ni vingi. Wachache wanaovipita vinywa hivyo ndio kitoweo cha mwaka ujao, cha pwani na cha bara, na inafaa wapewe muda wa kukua kabla ya kutiwa wavuni.